Wito haumwongezei muuguzi mikono

Kila wahudumu wa hospitali za umma wanapoweka chini vifaa vyao na kutoka nje ya lango, kuna neno moja ambalo wakubwa wa nchi hii hulikimbilia kabla ya jingine lolote. Neno hilo ni wito. Waziri husimama mbele ya wanahabari akawakumbusha wauguzi na madaktari kwamba kazi yao si kama kazi nyingine. Kwamba walikula kiapo. Kwamba anayetanguliza mshahara mbele ya uhai wa binadamu amepungukiwa na utu. Gavana huyarudia maneno hayo siku ya pili, na ikifika Jumapili huenda yakasikika hata mimbarini. Kufikia Jumatatu, mwananchi aliyefiwa na jamaa yake wakati wa mgomo hana shaka tena juu ya nani anayestahili kulaumiwa.

Walimu wanaousoma ukurasa huu wanaifahamu lugha hiyo vilivyo. Waliimbiwa wimbo huo huo mwaka 1997, walipogoma hadi wakaahidiwa nyongeza ya mishahara ya kati ya asilimia 150 na 200 ambayo ilikusudiwa kulipwa kwa awamu katika muda wa miaka 5. Wakaimbiwa tena mwaka 1998 walipogoma kwa sababu ahadi ile haikutimizwa. Kwa hivyo hawahitaji kufundishwa kwamba wito ni sifa njema unapotajwa na mwenye nao, na ni mjeledi unaposhikwa na mwajiri.

Nia yangu si kuutetea mgomo wowote. Ninalotaka kulisema ni jambo ambalo kelele za migomo hulifunika. Namna mhudumu wa hospitali anavyomtazama mgonjwa, anavyomjibu, anavyoikumbuka au kuisahau dawa yake ya saa nane usiku, hutegemea zaidi hali ya mahali anapofanyia kazi kuliko wema wa moyo wake. Moyo una sehemu yake, sikatai. Hata hivyo, moyo haupimi shinikizo la damu, wala haumnyanyui mgonjwa mzito kutoka sakafuni wakati mikono iliyopo ni miwili tu.

Ushahidi wa karibu tunauona katika uwanja wa ndege. Mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwaruhusu wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko, na kabla ya hapo wengi walikwisha kwenda kwa njia zao wenyewe, Marekani na nchi za Ghuba zikiwemo. Aghalabu muuguzi aliyekuwa akiitwa mkali, mvivu na mwenye kiburi katika hospitali ya kaunti, akifika kule husifiwa kwa upole na bidii. Hakuna aliyembadilisha moyo akiwa angani. Alichobadilishiwa ni wadi. Wala sisemi kwamba huko ni peponi: wauguzi wa Uingereza wenyewe waligoma mwezi Desemba 2022, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa hayo hayo ya uchache wa watu kazini.

Hebu tuitazame kesi moja ambayo Wakenya wengi waliiona kwa macho yao. Tarehe 1 Juni 2013, Siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba akina mama wangejifungua bila malipo katika hospitali za umma. Lilikuwa jambo jema, na akina mama walilipokea kwa vitendo, wakafika kwa wingi. Mwezi Agosti mwaka huo, mama mmoja alifika hospitalini Bungoma kujifungua. Huduma ilikuwa ya bure kwa jina, maana alitakiwa kujinunulia pamba na dawa ya kuanzisha uchungu. Uchungu ulipomzidi, vitanda vya chumba cha kujifungulia vilikuwa vimejaa. Akajifungulia sakafuni na kuzirai. Alipozinduka alikuta wauguzi wakimchapa makofi na kumtukana kwa kuichafua sakafu. Kulikuwa na mtu aliyenasa tukio hilo kwa video, nchi nzima ikaliona, na hasira ikawaka.

Hasira ile ilikuwa ya haki. Muuguzi anayempiga mzazi hana la kujitetea, na mwandishi huyu hatamtafutia. Hata hivyo, Mahakama Kuu ilipotoa uamuzi wake mwezi Machi 2018, haikukomea kwa wauguzi. Pamoja na kuagiza mama yule aombwe radhi na kulipwa fidia ya Sh2.5 milioni, ilisema kwamba serikali ya kitaifa na ile ya kaunti zilishindwa kuzitekeleza sera za afya na kuvisimamia viwango vya huduma hiyo iliyotangazwa kuwa ya bure. Maana yake ni nini? Tangazo la Juni liliwaongeza akina mama mlangoni, lakini siku ile halikumwongeza mkunga hata mmoja wala kitanda hata kimoja. Aliyetangaza alipigiwa makofi uwanjani. Aliyeachiwa kulitekeleza tangazo alikuwa muuguzi wa zamu, na lilipomwelemea, likamwangukia mama aliyelala sakafuni.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ili tuupime mzigo huu kwa ratili badala ya maneno, nitamwomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Mwalimu wa hesabu anaweza kuipeleka darasani kesho.

Katika hospitali nyingi zamu ya usiku huanza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu jioni na kwisha saa moja na nusu asubuhi. Hizo ni saa 13, yaani dakika 780. Tuseme wadi ina wagonjwa 40 na muuguzi 1. Anayezijua wadi zetu hatashtushwa na idadi hiyo. Zipo ambazo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja. Kwa kawaida ya uuguzi, mgonjwa wa kuangaliwa kwa makini hupimwa joto la mwili, mpigo wa moyo, pumzi na shinikizo la damu kila baada ya saa 4. Kazi hiyo, ikifanywa sawasawa na kuandikwa, huchukua kama dakika 5 kwa mgonjwa mmoja. Kwa wagonjwa 40 ni dakika 200. Ikifanywa mara 3 usiku mmoja ni dakika 600. Zimebaki dakika 180. Katika hizo apokee ripoti ya waliotoka zamu, atoe vidonge na kuchoma sindano, aangalie dripu, abadilishe shuka zilizolowa, afunge vidonda, awapokee wagonjwa wapya wanaoletwa kutoka idara ya dharura, aandike faili 40, na mgonjwa akikata roho ausitiri mwili na kuitafutia familia maneno ya kuambiwa. Ukigawanya dakika 180 kwa wagonjwa 40, kila mmoja anapata dakika 4 na nusu. Bado hajala. Bado hajaenda msalani.

Je, atafanyaje? Atapunguza, maana hana njia nyingine. Atawapima walio mahututi na kuwapita wengine. Huenda akaandika katika faili tarakimu ambayo hakuipima, na hapo atakuwa amekosa, lakini sharti tukubali kwamba hesabu ilikuwa imeshindikana kabla hajaichukua kalamu. Kisha kuna jambo jingine analojifunza, ambalo hakuna chuo kinachomfundisha: anajifunza ukali. Mgonjwa aliyekemewa mara moja hataita tena usiku ule. Jirani yake aliyesikia kemeo naye atanyamaza. Ukali ni ua ambao muuguzi huujenga kuzunguka zile dakika chache alizo nazo. Ua huo ni mbaya, na humzuia hata yule ambaye wito wake ungeokoa maisha, lakini tusidhani kwamba uliota wenyewe.

Madhara ya hesabu hii yamepimwa. Mwaka 2002, Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Waliona kwamba kwa kila mgonjwa mmoja zaidi aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki katika siku 30 tangu kulazwa ulipanda kwa asilimia 7, na uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchakazwa na kazi ukapanda kwa asilimia 23. Wauguzi wale walikuwa wakihesabu wagonjwa 4, 6 au 8 kwa mmoja. Msomaji akumbuke kwamba sisi tumeanza na 40.

Hapa kwetu, watafiti walikaa katika wadi za watoto wachanga jijini Nairobi mwaka 2017 na 2018 wakiandika kilichofanywa na ambacho hakikufanywa. Waliona sehemu kubwa ya kazi za uuguzi ikiachwa, hasa katika hospitali za umma. Katika wadi za namna hiyo kazi nyingine huwaangukia akina mama wa watoto wenyewe na wanafunzi wa uuguzi. Nalitaja hili la wanafunzi kwa makusudi, kwa kuwa baadhi yao walikuwa madarasani mwenu miaka miwili au mitatu iliyopita. Waliondoka kwenda kujifunza, na wakajikuta wao ndio wafanyakazi.

Mtu akiendelea hivyo mwaka baada ya mwaka huchakaa. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya Mei 2019, liliitambua hali hii, si kama ugonjwa bali kama tokeo la shinikizo la kazi lisiloshughulikiwa, likataja dalili zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo hata kuidharau, na kupungua kwa ufanisi. Itazame ile ya pili. Muuguzi asiyekutazama usoni, anayekuita kwa nambari ya kitanda, anayecheka na wenzake huku wewe ukiugua kwa maumivu, huenda ni mtu asiye na utu. Huenda pia ni mtu aliyekuwa na utu mwingi, akautumia wote, na hakuna aliyemjazia mtungi. Kwa kumtazama tu huwezi kuwatofautisha wawili hao. Njia ya kuwatofautisha ni kurekebisha mahali pao pa kazi na kuona nani atakayebadilika.

Na hilo limewahi kujaribiwa humu humu nchini. Mradi mmoja ulioitwa Heshima ulichunguza jinsi akina mama wanavyotendewa wanapojifungua. Katika vituo 13 vilivyochunguzwa, mama 1 kati ya 5 alisema alidharauliwa au kutendewa vibaya kwa namna fulani. Walioendesha mradi hawakuishia kuwahubiria wauguzi. Walizungumza nao kuhusu maadili yao, wakawahusisha viongozi wa vituo na wanavijiji, na zaidi ya yote wakawapa wauguzi ushauri nasaha wao wenyewe: mahali pa kusema yanayowasibu. Kiwango cha malalamiko kilishuka kutoka asilimia 20 hadi 13. Sitasema kwamba ni muujiza, kwani 13 bado ni nyingi mno. Lakini ni dalili kwamba anayetunzwa huweza kutunza.

Kuna suala la vifaa, ambalo watu wa nje hulichukulia kuwa la ghala na ununuzi. Kwa aliye ndani ni suala la dhamiri. Daktari kijana anajua dawa inayomfaa mtoto aliye mbele yake. Ameisomea miaka 6. Dawa haipo. Anaandika jina lake kwenye kikaratasi na kumpa mzazi akanunue nje, naye anaona kwa macho ya mzazi kwamba hatanunua. Kesho anaona vivyo hivyo, na kesho kutwa. Robert Karasek, mtaalamu wa Marekani, alieleza mwaka 1979 kwamba kinachomwumiza mfanyakazi si uzito wa kazi peke yake, bali uzito unaoambatana na ukosefu wa uwezo wa kuamua lolote. Dereva wa matatu na rubani wote wana kazi ngumu, lakini wana usukani mkononi. Mhudumu wa hospitali zetu amepewa lawama za mwenye usukani bila ya usukani wenyewe. Hachagui idadi ya wagonjwa, haagizi glavu, hapangi zamu, haulizwi kitu bajeti inapoandikwa, lakini mgonjwa akifa ni yeye anayesimama mbele ya jamaa waliokunja ngumi.

Kuhusu malipo nitasema kwa ufupi, maana yamesemwa sana. Mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachowavunja moyo wengi si udogo wa mshahara bali kutojulikana kwake. Huduma za afya zilihamishiwa serikali za kaunti mwaka 2013 kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na tangu hapo kila fedha zinapochelewa kutoka Hazina ya Kitaifa, kuna muuguzi mahali fulani anayemwomba mwenye nyumba amvumilie hadi tarehe ya kumi. Makubaliano husainiwa, picha zikapigwa, kisha karatasi ikawekwa kabatini. Mkataba wa madaktari wa mwaka 2013 ndio uliozaa mgomo wa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, na badala ya karatasi kutolewa kabatini, viongozi wa chama chao, KMPDU, ndio walioingizwa gerezani kwa siku kadhaa. Wauguzi nao waligoma mwaka huo huo kwa takriban miezi 5. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Safari hii jambo kubwa likiwa malipo ya madaktari wanagenzi, ambao mkataba uliwapa Sh206,400 kwa mwezi na serikali ikataka kuwalipa Sh70,000.

Ikumbukwe kwamba katika mgomo wa mwaka 1994 madaktari wa Kenya walidai, pamoja na mengine, haki ya kuwa na chama. Chama kilisajiliwa mwaka 2011. Miaka 17 ni muda mrefu kwa mtu kusubiri ruhusa ya kusema kwa sauti moja na wenzake, na asiyeruhusiwa kusema ndani hatimaye husema barabarani.

Janga la korona liliyaweka haya yote peupe. Mnamo Desemba 2020, daktari wa miaka 28 aliyekuwa akiwahudumia wagonjwa wa ugonjwa huo katika kaunti ya Machakos aliambukizwa akafariki. Chama chake kilisema kwamba hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi kadhaa, na kwamba hakuwa na bima ya matibabu. Nchi iliomboleza kwa siku chache. Neno shujaa lilitumika sana, na shujaa, kama ilivyo kwa mwenye wito, ni jina analopewa mtu wakati ambapo hakuna kingine cha kumpa.

Mwezi Septemba 2024 kulitokea msiba mwingine, wa daktari mwanagenzi aliyejitoa uhai. Sitamtaja jina wala hospitali, kwa heshima ya waliobaki, wala sitadai kwamba kifo cha namna hiyo kina sababu moja. Wenzake, hata hivyo, walizungumza juu ya zamu ndefu zisizo na mapumziko na juu ya kuishi bila pesa za kodi ya nyumba, na mazungumzo yao yalifanana mno na ya wanagenzi wa hospitali nyingine hata yakawa hayapuuziki.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo sijasikia likijadiliwa vya kutosha: huzuni ya mhudumu. Mwalimu akimpoteza mwanafunzi mmoja, shule nzima husimama. Bendera huteremshwa nusu mlingoti, ibada hufanywa, washauri huitwa. Muuguzi wa wadi ya watoto huenda akawapoteza watoto watatu kwa wiki moja, na anachopewa ni kitanda kilichotandikwa upya na mtoto mwingine juu yake. Hapati saa moja ya kukaa. Chumba cha chai, palipo na chumba cha chai, kimegeuzwa ghala la faili. Mila zetu zote, za bara na za pwani, zinajua kwamba aliyeosha maiti hahimizwi kurudi kazini kana kwamba alikuwa anaosha vyombo. Tumelisahau hilo mahali ambapo maiti huoshwa kila siku.

Tena makosa yanapotokea, jibu letu la kwanza ni barua ya kusimamishwa kazi. Mapema mwaka 2018 iligunduliwa katika Hospitali Kuu ya Kenyatta kwamba mgonjwa mmoja alikuwa amepasuliwa fuvu badala ya mwingine. Kosa la kutisha, na adhabu ilidaiwa mara moja. Wahudumu waliohusika wakasimamishwa. Lakini swali la maana zaidi lilikuwa la kawaida sana: kitambulisho cha mgonjwa hufungwa na nani, wakati gani, na nani hukikagua kabla ya kisu kushikwa? Swali kama hilo hujibiwa na watu wasioogopa kusema, kwa sababu wao ndio wanaojua wapi kamba ilikuwa imelegea tangu zamani. Mahali ambapo anayekiri hufukuzwa, watu hujifunza kutokiri, na kosa hubaki limelala likimngojea mgonjwa mwingine. Marubani wa ndege walilielewa hili zamani, wakaweka utaratibu wa kuripoti makosa madogo bila kuadhibiwa. Hospitali zetu bado zinatafuta wa kumfunga paka kengele.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba wapo wauguzi wanaouza dawa za umma, na madaktari wanaotia saini asubuhi kisha wakaenda kwenye kliniki zao za kibinafsi, wakiwaacha wagonjwa foleni hadi jioni. Ni kweli wapo, na sheria iwapate. Nami naongeza kwamba wanaoumizwa nao kwanza ni wenzao, kwa kuwa daktari akitoroka, mgonjwa wake humwangukia aliyebaki. Utoro ni mojawapo ya hali mbaya za kazini zinazochakaza walio waaminifu. Kwa hiyo anayetaka kuwatetea wahudumu wema hana budi kutaka wabaya wasimamiwe, na wasimamiwe na wenye ujuzi wa kusimamia. Msimamizi wa wadi aliyepewa cheo kwa sababu ya kabila lake au kwa kuwa jamaa wa mkubwa fulani hawezi kumwuliza mtoro alikuwa wapi.

Nimewaona pia wasimamizi wanaogeuza mambo kwa vitu vidogo visivyo na gharama kubwa. Mmoja hutangaza ratiba ya zamu mwezi mmoja mapema, hivi kwamba mama mwenye mtoto mchanga anajua ni usiku upi atamtafutia mlezi. Mwingine amekataza kabisa mtu kukemewa mbele ya wagonjwa. Mwingine amepigania gari la kuwarudisha nyumbani wanaotoka zamu usiku, maana kinyume chake ni kutembea gizani. Katika wadi za watu kama hao mgonjwa anaona tofauti kabla hajaambiwa. Hata hivyo, tusifanye kosa la kudhani kwamba msimamizi mwema anatosha. Hata yeye hawezi kuzigawanya dakika 780 zikawa 1,500.

Kila mwaka wanafunzi wa Kidato cha Nne huwajia walimu wao wakiuliza kuhusu kozi za uuguzi na utabibu. Waelezwe uzuri wa kazi hiyo, kwa maana ni nzuri kweli, na waelezwe pia hesabu tuliyoifanya hapo juu. Wanafunzi wangapi waliohitimu wako nyumbani bila ajira, huku wadi zikiwa na muuguzi mmoja? Tuna watu waliosoma na tuna wagonjwa. Kilichokosekana ni nafasi za kazi katika bajeti. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani liliiweka Kenya miongoni mwa nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na tangu wakati huo vyuo vimeongezeka kwa kasi kuliko ajira.

Lugha yetu imeziita kwa jina moja wadi ya hospitali na wadi ya uchaguzi. Diwani wa wadi hii ya pili ndiye anayeipitisha bajeti ya kaunti kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni, na kabla ya kuipitisha sheria inataka wananchi wasikizwe. Mikutano hiyo hufanywa katika ukumbi wa mji, na mara nyingine katika madarasa ya shule zetu, na aghalabu viti vingi huwa vitupu. Mwalimu anaweza kwenda pale na wanafunzi wake wakubwa wakiwa na daftari, wakamwuliza diwani maswali manne tu. Katika hospitali iliyo karibu nasi, wadi ya wazazi huwa na wakunga wangapi saa nane usiku? Mara ya mwisho glavu ziliisha lini, na zilikosekana kwa siku ngapi? Mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe gani? Na mhudumu aliyefiwa na wagonjwa watatu wiki hii ataketi wapi, na nani?